Punda Milia Aliyetaka Nguvu za Siku Kumi na Nne

Paukwa!

Pakawa!

Aa, hao ni nyinyi au ni mbu? Paukwa!

Pakawaaa!

Haya. Watoto, sogeeni. Na nyinyi wakubwa msijifanye hamsikii, maana ya leo ni yenu zaidi.

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wakisemezana, palikuwa na punda milia wawili, dada na mdogo wake wa kiume, tumbo moja. Dada aliitwa Siwema. Mdogo aliitwa Chaurembo. Waliishi na kundi lao bondeni, na mwaka ule mvua ilinyesha ikapitiliza. Majani yakaota. Yakaota mpaka magotini, yakaota mpaka tumboni. Ukiinamisha kichwa, unakula. Ukikigeuza, unakula. Hakuna aliyenyanyua mguu kwenda popote.

Chaurembo akala. Akala asubuhi, akala mchana, akalala palepale, akaamka akala alipolalia. Akanenepa. Mistari yake ikapanuka kama mikeka iliyotandikwa. Akicheka, tumbo linaendelea kucheka peke yake, tiki-tiki-tiki, yeye kashanyamaza.

Siku moja wakatokea fisi watatu. Kundi likatimka, tifu-tifu-tifu! Chaurembo akatimka naye. Hatua kumi, hatua ishirini, pumzi kwisha. Siwema akarudi nyuma, akamsukuma kwa kifua, akamtandika fisi mmoja teke la taya. Wakaokoka. Lakini Chaurembo alihema mpaka jua likatua, hee-hoo, hee-hoo, na Siwema akasimama karibu yake akimsikiliza, kwa hofu.

Kesho yake korongo akapita juu akitangaza: "Enyi wa bondeni! Mvua hairudi! Miezi mitatu tu, hapa patakuwa vumbi! Majani yako ng'ambo ya mto mkubwa, mwendo wa siku kumi na mbili!"

Siwema alikuwa na mimba. Akawaza sana. Kisha akamwendea mdogo wake.

"Mdogo wangu, miezi mitatu inatosha. Twende tukatembee."

"Wapi?"

"Mpaka kwenye ule mgunga, turudi. Kesho tuupite kidogo. Kesho kutwa kidogo tena. Ukishiba, uache kula. Usiku ulale."

"Halafu?"

"Halafu basi."

Chaurembo akacheka, tumbo likacheka. "Dada, kutembea si mazoezi. Kutembea ni kwenda."

Siwema akaenda peke yake. Mpaka kwenye mgunga, akarudi. Miguu ikamuuma kidogo, akapumzika. Kesho akaenda tena, akaupita mgunga kidogo, akarudi.

Sasa, bondeni pale palikuwa na Mbuni. Miguu mirefu, shingo ndefu, maneno marefu zaidi. Akapanda juu ya kichuguu akapiga kelele:

"Nani anataka nguvu? Siku kumi na nne tu! Msile! Msilale! Kimbieni jua likiwa utosini! Asiyetapika hajafanya kitu!"

Chaurembo akawa wa kwanza kujitokeza. Jua la utosi, puu-puu-puu, anapanda kilima cha mawe. Siku ya pili hakula. Siku ya tatu akatapika, na Mbuni akapiga mbawa: "Hongera!" Siku ya sita akaanguka. Siku ya saba akalala kutwa. Siku ya nane njaa ikamshinda, akala chakula cha siku zote alizofunga. Siku ya tisa Mbuni akamwambia, "Tunaanza upya. Moja!"

Wakaanza upya. Wakaanza upya tena, na tena. Kila akianza anakonda, na kundi zima linamsifu: "Mwoneni Chaurembo! Huyo ndiye dume!" Kila akiacha ananenepa kuliko mwanzo, na kundi linageuza macho.

Siwema akamfuata. "Mdogo wangu, njoo tutembee. Bado muda upo."

"Una wivu wewe," Chaurembo akasema. "Tangu uanze kujikokota huko, nani amekusifu?"

Kweli, hakuna aliyemsifu. Siwema akaenda zake. Siku hizo alikuwa anafika kwenye mwamba mweusi na kurudi, tumbo limekuwa kubwa, na hahemi.

Majani yakakauka. Maji yakawa tope. Zikabaki siku mbili kundi liondoke. Asubuhi hiyo Siwema akamwona mdogo wake anachechemea.

"Mguu huo umevimba. Upumzishe leo."

"Mbuni anasema maumivu ni ya wavivu. Leo ndiyo siku ya kumi na nne."

Akakimbia kilimani, kundi linashangilia. Puu-puu-puu. Puu-puu. Kacha! Kano ya mguu wa nyuma ikakatika. Chaurembo akabingirika mpaka chini, gudu-gudu-gudu.

Mbuni akarefusha shingo, akatazama. "Mwili wake ulikuwa mbovu kabla hajaja kwangu," akasema. Akaondoka, ti-ti-ti-ti, hakugeuka.

Siku ya safari ikafika. Kiongozi wa kundi, jike mkongwe aitwaye Nyamizi, akaja. "Siwema, mwanangu, tunaondoka."

"Nipeni siku moja."

Akapewa siku moja. Akaomba ya pili, akapewa. Mguu haukunyooka. Ya tatu Nyamizi alitikisa kichwa tu.

"Dada, nenda," Chaurembo akasema.

"Nitakungoja upone."

"Una mtoto tumboni. Nenda." Kisha akauliza, "Siku ile ningekuja nawe mpaka kwenye mgunga, tungekuwa tunaongea nini njiani?"

"Upuuzi tu," Siwema akajibu. "Mambo ya mama."

Akamlamba paji la uso, akashika njia. Hawajavuka kilima cha pili, akasikia fisi wanacheka bondeni. Hakukimbia, maana alibeba mimba. Alitembea. Alitembea siku kumi na mbili, wengine wakianguka njiani, yeye anatembea tu, mpaka akaufikia mto mkubwa, akavuka, akazaa salama.

Majike wakamzunguka kumpa pole.

"Pole sana, Siwema. Lakini ndugu yako alikuwa dume! Alivyojitesa yule! Hakuna aliyejitahidi kama Chaurembo."

"Alijitahidi, ndiyo," Siwema akasema. "Mimi nilimwomba kidogo tu. Hicho kidogo hakunipa."

Wakatazamana. Wakasema huzuni imemchanganya, wakaenda kula majani. Siwema akainama kunywa maji aliyoyafuata siku zote hizo, yakampita kooni kama mchanga.

Basi mafunzo ni haya, nayasema wazi. Mwili haulazimishwi. Tembea kila siku, kula kwa kiasi, lala, na uanze mapema. Anayetaka nguvu za haraka huvunjika haraka, na waliomshangilia hawabaki kumuuguza.

Hadithi yangu imefika hapo, haina mbele tena. Aliyekaa sana, na ainuke anyooshe miguu.