Boma Lililofika Lenta

Hapo zamani, na msidhani ni zamani ya majitu na sungura, ni zamani hii ambayo halmashauri za wilaya zilishakuwapo na fomu zao, palikuwa na kitongoji kiitwacho Mlembeni, juu kabisa katika milima ya Upare. Mwenyekiti wake alikuwa Bi Nakundwa, mjane wa makamo, mwenye sauti ndogo na kichwa kigumu. Watu walimchagua kwa sababu alijua kunyamaza wengine wanapopiga kelele. Baadaye walikuja kumlaumu kwa kunyamaza huko huko.

Mlembeni walikuwa na haja tatu. Walitaka darasa, maana watoto wadogo walivuka mto kwenda shule ya ng'ambo. Walitaka chumba cha kujifungulia, maana wajawazito walibebwa kwa machela hadi barabarani, mwendo wa saa tatu. Walitaka ghala la tangawizi, maana tangawizi iliozea chini ya vitanda, na walanguzi walijua, wakanunua kwa bei ya kutupa.

Haja tatu, na watu watatu waliozibeba. Mzee Kiangi alikuwa na kiwanja tambarare, na kule milimani mahali tambarare hupatikana kwa nadra kama mgeni asiyekula. Alikitenga kwa ajili ya darasa, lakini hakuwa na tofali hata moja. Mama Nakijwa na kina mama wenzake walikuwa wamefyatua matofali, wakayachoma, wakayafunika kwa majani ya migomba, wakisema haya ni ya chumba cha kujifungulia. Lakini hawakuwa na mahali pa kujenga isipokuwa mteremkoni. Na Eliamani, kiongozi wa vijana wanaolima tangawizi, alikuwa na mifuko sitini ya saruji ya kujengea ghala. Kiwanja hakuwa nacho, tofali hakuwa nalo.

Mwenye kiwanja alingoja. Wenye matofali walingoja. Wenye saruji walingoja. Masika yakapita, majani ya migomba yakaoza, na mifuko ya juu ya saruji ikaanza kuganda.

Siku moja ikaja barua kutoka halmashauri. Ilisema kila kitongoji kitamaliziwa boma moja, jengo la kuta zisizo na paa. Halmashauri italeta bati, milango na madirisha, kisha italeta mfanyakazi wa kulitumikia jengo. Ila sharti boma liwe limefika lenta, yaani ule mkanda wa zege unaopita juu ya madirisha, kabla mhandisi hajaja kukagua baada ya siku thelathini. Kitongoji ambacho boma lake halijafika lenta, fungu lake litakwenda kwa jirani. Na zamu nyingine, barua ilisema, itategemea bajeti. Bi Nakundwa alikuwa mtu mzima, akajua maana ya maneno hayo.

Aliisoma mara mbili, akaikunja. Alijua akiitisha mkutano, watafungua kwa sala na kufunga kwa kuahirisha. Siku thelathini zitaisha wakibishania jina la jengo, na jirani atakula fungu lao. Yeye mwenyewe alikuwa na mkamwana mwenye mimba ya miezi sita, mjukuu aliyekaribia kuanza darasa la kwanza, na magunia manne ya tangawizi jikoni. Hata angetaka kupendelea, asingejua aanzie wapi.

Basi hakuitisha mkutano. Alipuliza baragumu la msaragambo.

Huenda wapo kati yenu wasiojua msaragambo. Ni kazi ya pamoja ya Wapare. Baragumu likilia, kila nyumba hutoa mtu, mtu hutoka na jembe lake, na hakuna anayeuliza kazi ni ya nani. Kuuliza ni aibu, ni kama kumuuliza mwenye msiba marehemu amekuachia nini. Unafanya kazi, unakula makande, unarudi kwako. Bi Nakundwa alilijua hilo vizuri, ndiyo maana akachagua baragumu badala ya mkutano.

Watu wakatoka. Akawasomea barua yote, neno kwa neno, hakuficha kitu. Kisha akasema kidole kimoja hakivunji chawa, tunahitaji kiwanja, matofali na saruji. Akanyamaza.

Mzee Kiangi akatoa kiwanja. Kilikuwa na tangawizi aliyoipanda akingoja, ya miezi mitano, changa, bado maji matupu. Akaing'oa kwa mikono yake, kwa maana moyoni aliona darasa. Mama Nakijwa akatoa matofali. Kina mama wakayabeba kichwani, sita sita, wakipanda kutoka bondeni kwa siku kumi na moja, kwa maana mioyoni waliona chumba cha kujifungulia. Eliamani akatoa saruji. Vijana wakachanganya saruji na mchanga, wakashindilia, wakamwagilia maji asubuhi na jioni, kwa maana mioyoni waliona ghala. Na hakuna aliyeuliza, maana ulikuwa msaragambo.

Siku ya ishirini na tisa boma likafika lenta. Watu wakala makande, wakaimba. Bi Nakundwa hakuimba sana.

Siku ya thelathini mhandisi akaja. Mgeni njoo mwenyeji apone, walisema wakimkaribisha chai. Akapima kuta, akagonga zege, akasema limepita. Kisha akatoa fomu, akaonyesha mstari mmoja uliokuwa wazi: matumizi ya jengo. Wakamwomba aandike yote matatu. Akakataa kwa upole, akaeleza kwamba mwalimu huletwa na idara moja, mkunga na nyingine, na watu wa mazao na nyingine, jengo moja haliwezi kuwa na mabwana watatu. Alikuwa na vitongoji vingine vya kukagua. Mstari ukibaki wazi, boma la Mlembeni halitahesabiwa, na fungu litakwenda kwa jirani.

Hapo ndipo kila mmoja alipojua mwenzake alikuwa akijenga nini.

Mzee Kiangi akasimama kwanza, kwa umri wake. "Matofali hayasimami hewani," alisema. "Mmesimama shambani kwangu. Masika ya juzi mto ulimchukua mjukuu wangu Mbonea akitoka shule, na mlikuja kunizikia daftari tu, maana mwili hatukuupata. Nisingeng'oa tangawizi changa kwa ajili ya kitu kingine. Hili ni darasa."

Mama Nakijwa hakupandisha sauti. "Pole yako, baba, na mimi nilikulilia. Lakini kiwanja bila matofali ni shamba. Mdogo wangu alifia kwenye machela nikiwa nimeshika mti wa mbele. Nilisikia uzito ukibadilika begani. Haya matofali tumeyafyatua baada ya kumzika, kina mama thelathini, na kila mmoja alijua ni ya nini. Hiki ni chumba cha kujifungulia."

Eliamani alikuwa kijana, akaomba radhi kwa wakubwa kabla ya kusema. "Kiwanja na matofali bila saruji ni lundo, mvua moja tu ingeliangusha. Ninyi mnawalilia waliokufa, na ni haki yenu. Nani anawalilia wanaoondoka? Mwaka huu wenzangu tisa wameshuka kwenda kukata mkonge kwa sababu tangawizi inaozea ndani. Tukiisha sote, hilo darasa litamfundisha nani, na hicho chumba kitamzalisha nani? Tupeni ghala, na kwa mavuno matatu tutajenga hayo mengine wenyewe bila kumwomba mtu. Hili ni ghala."

Kila aliyesema alikuwa amesema kweli.

Mzee Kiangi akataka kura zipigwe. Alikuwa na haraka ya kura, na si ajabu, ukoo wake ndio ulikuwa nusu ya kitongoji. Mama Nakijwa akakataa, akasema wingi wa ndugu si wingi wa haki. Eliamani akasema ahadi yake iwekwe kwenye maandishi. Mzee Kiangi akamuuliza mavuno matatu ni masika mangapi, na kila masika mto utataka watoto wangapi.

Mhandisi akatazama saa yake.

Ndipo Mama Nakijwa akamgeukia mwenyekiti. "Dada Nakundwa, sisi hatukuitana. Aliyetuita ni wewe. Siku ile ulipopuliza baragumu, moyoni mwako ulikuwa unatuitia kazi gani?"

Bi Nakundwa angeweza kudanganya. Neno moja tu lingetosha, darasa, au chumba, au ghala, na ugomvi ungeishia hapo, maana wote watatu walikuwa tayari kumwamini. Alihisi aibu, na alihisi pia kwamba bila aibu ile pasingekuwa na ukuta wa kugombania.

"Nilikuwa nawaitia lenta," alisema. "Nilijua mkiulizana hatutafika. Nikawaacha msiulizane."

Mzee Kiangi akakaa chini. Mama Nakijwa akafunga upya kanga yake kiunoni, polepole, bila kumtazama. Eliamani akacheka kidogo, cheko la mtu aliyeumizwa mbele za watu. Hakuna aliyemtukana, na hilo lilimuuma zaidi. Kisha wote watatu wakasema jambo moja, kwa mara ya kwanza siku hiyo, kwamba aandike yeye, na atakachoandika hawatakifuta, ila baragumu lake likilia tena hawatatoka.

Mhandisi akampa kalamu.

Basi ninyi mliokaa mkinisikiliza, msiniulize aliandika nini, maana hapa nilipo nimeishika kalamu ile na ninawapa ninyi. Huyu alitoa ardhi na mjukuu wake yumo mtoni. Huyu alitoa matofali na mdogo wake yumo kaburini. Huyu alitoa saruji na wenzake wamo njiani. Na yule wa nne hakutoa kitu ila kimya, na bila kimya chake wasingekuwa na kitu. Mstari uko wazi na mhandisi anafunga mkoba. Je, jengo lile lilikuwa haki ya nani? Na yule mama, alistahili kuandika?