Pua za Jeshi la Nyati

Zamani hizo, watoto wangu, wanyama walipokuwa na nyumba zao na majirani wa kuazimana chumvi, jeshi la Nyati lilikuwa na kambi nne ugenini, katika nchi ya Pimbi, ng'ambo ya korongo. Walikuja kuwafukuza Fisi. Fisi walishaondoka zamani, Nyati wakabaki.

Siku moja Bi Pimbi alikuwa akiwaogesha wanawe kwenye chemchemi. Pu, pu, pu! Akatokea Jemadari wa Nyati mwenyewe.

"Bi Pimbi, habari za hapa?"

"Njema, Jemadari. Karibu."

"Mfalme wetu amepanga upya majeshi yake ya ugenini. Kambi zote nne zinavunjwa."

Bi Pimbi nusura apige vigelegele.

"Tunajenga moja tu kubwa," Jemadari akaendelea. "Hapa hapa chemchemini. Kesho asubuhi tunahamia."

Bi Pimbi akapigwa na butwaa. Nchi nzima ya Pimbi haikuwa na maji mengine.

"Na sisi tutakunywa wapi, Jemadari?"

"Mtahamia nyikani. Ni kwa usalama wenu."

Usalama gani huo wa kufa na kiu? Bi Pimbi hakuamini masikio yake. Akauliza, "Na askari wako wamekubali?"

Jemadari akacheka, kho kho kho. "Hujui mila yetu wewe. Alfajiri askari wote husimama. Upande unaotazamwa na pua nyingi, ndiko jeshi linakokwenda, na hata mfalme hatengui. Usihangaike, pua za Nyati hutazama maji siku zote."

"Siku zote, Jemadari?"

"Labda zinuse magadi," akasema, akijiramba mdomo. "Hayo tena usiniambie."

Bi Pimbi akamnywesha uji, akamsindikiza kwa adabu. Kisha akawakusanya ndugu zake, wakavuka korongo mpaka nchi ya Nyati, kwenye miamba yenye magadi. Twa! Twa! Twa! Wakayatwanga yakawa unga, wakautandaza juu kabisa, pale upepo wa alfajiri unapoanzia.

Kulipopambazuka Nyati wakasimama, chemchemi mbele yao. Upepo ukaja, fuuu. Pua moja ikageuka nyuma. Ikageuka ya pili, halafu zote zikaelekea kwao Unyati.

Jemadari macho yakamtoka pima. "Askari, chemchemi iko huku!"

"Pua zimeshasema, Jemadari," akajibu askari mkongwe, mate yakimchuruzika.

Gidi, gidi, gidi! Jeshi zima likateremka korongoni kurudi nyumbani. Bi Pimbi mwenyewe alibaki mdomo wazi, maana hakutegemea waondoke wote, tena bila kuaga.

Jemadari akaja wa mwisho. Akaona vumbi jeupe mikononi mwa Bi Pimbi, akasimama kama kigogo.

"Ni wewe?"

"Mila ni yenu, Jemadari. Mimi nimetwanga tu."

Basi watoto wangu, mwenye nguvu akianza kujisifia sheria zake, msikilizeni mpaka amalize.