Biti Iliyofutwa Jina

Sogeeni basi, wenye masikio na wenye visingizio. Nina hadithi ya watu watatu na nafasi moja, na nawaambia mapema kwamba nimechoka nayo. Niliisimulia harusini, watu wakaacha pilau wakagombana. Niliisimulia msibani, waliokuja kulia wakaanza kubishana, mpaka mfiwa mwenyewe akanyoosha mkono aongee. Nikifika mwisho mtaniuliza mimi jibu. Sina. Ningekuwa nalo ningeshapumzika.

Watu wenyewe ni wa Mbeya, kule Uyole, kwenye baridi na viazi.

Wa kwanza aliitwa Gwamaka, na kipaji chake kilikuwa kuokota. Wenzake waliokota kuni, yeye aliokota sauti. Alisimama sokoni na simu yake akirekodi magunia ya lumbesa, yale yaliyojazwa kupita kipimo, yakitua kwenye bodi la lori, wapakiaji wakihema, kamba ikipita kwenye mdomo wa gunia linaloshonwa. Akirudi nyumbani alizitia kwenye kompyuta kuukuu, akazipanga, akazirudiarudia, mpaka zikawa biti. Hakuna mtu aliyeimba humo wala kuchana mistari. Ilikuwa besi na mdundo na kinanda, unasikiliza unatikisa kichwa, basi.

Wa pili ni Subilaga, binamu yake, mkubwa kwake kwa umri. Kipaji chake kilikuwa kupunguza. Alikuwa na mashine ya kufuma masweta ya shule, na mstari ukikosewa aliufumua wote bila kupepesa macho, hata kama sweta limebakiza shingo tu. Alikuwa akisema kufuma kunafundishika, ila kufumua kunahitaji roho ngumu. Sikio lake la kushoto lilikuwa limekufa. La kulia nalo lilikuwa likififia, na daktari alishamwambia asilitegemee kwa muda mrefu. Kelele zilimchosha kuliko kazi.

Wa tatu ni Tusekile, na kipaji chake kilikuwa kusikia. Alikuwa na kipindi cha saa moja, Jumapili alasiri, kwenye redio ndogo ya mjini, cha kupiga biti za vijana ambao hakuna anayewajua. Wakamtumia. Wakamtumia tena. Nyingi zilifanana kama sare za shule, ngoma ileile, besi ileile, na filimbi ambayo kila kijana alidhani ameivumbua yeye. Tusekile alizisikiliza zote hadi mwisho. Rafiki zake wakamwambia, "Si uruke? Sekunde kumi zinatosha." Akawajibu, "Siwezi kujua mtoto wa mtu kaficha nini mbele." Alisikiliza hivyo kwa miaka, na macho yake yakawa ya mtu aliyekesha hata akiwa amelala vizuri.

Hao ndio watatu. Sasa sikilizeni walivyokutana, na msinikate.

Gwamaka alikuwa na biti moja aliyoihangaikia masika yote. Kila akiisikia aliona imepungukiwa kitu, akaongeza. Akatia kinanda, akatia tarumbeta, akatia ndege wa asubuhi, akatia ngoma ya pili ya kuisaidia ya kwanza. Akaiita "mwisho". Kesho yake akaiita "mwisho kabisa". Baada ya hapo ikawa "mwisho kabisa ya kweli", na bado haikuwa mwisho. Aliisikia mpaka akawa haisikii tena. Na baba yake, mzee Mwaisaka, alikuwa ameshatamka: viazi vya msimu huo vikitoka shambani kabla kelele za kompyuta hazijampeleka mtoto popote, kompyuta inauzwa, na Gwamaka anapanda lori kuwa mpakiaji.

Siku moja mchana umeme ulikatika kwao. Gwamaka akabeba kompyuta mpaka kwenye chumba cha kufumia cha Subilaga, akaichomeka, akajilaza juu ya rundo la masweta. Akasema, "Dada Subi, isikilize tu uniambie imepungukiwa nini. Mimi nimefika mwisho wa akili." Kabla hajajibiwa alikuwa anakoroma.

Subilaga akainamisha sikio la kulia. Akasikiliza mara moja, akakunja uso. Haikupungukiwa kitu, ilikuwa imevimbiwa. Basi akafanya kama afanyavyo kwenye sweta. Akatoa tarumbeta. Akatoa ndege. Akatoa ngoma ya pili, halafu kinanda chote isipokuwa noti chache zilizokuwa zimejificha chini ya kelele. Yakabaki magunia, pumzi za wapakiaji, besi, na zile noti.

Halafu akafika kwenye jina.

Hapa lazima niwaeleze, maana si wote mnaojua mambo ya hawa maprodyuza. Wana desturi yao. Biti ikianza, kabla ngoma haijapiga, sauti inataja mwenye kazi, ili asije mtu akaiba akasema yake. Ya Gwamaka ilikuwa sauti yake mwenyewe, ameitia mwangwi: "Gwamaka huyo, Uyole imeamka!" Hiyo ndiyo hati yake ya shamba. Subilaga akaifuta. Ila hakulisogeza lililofuata kuziba pengo. Aliliacha pengo lilivyo. Kwa hiyo biti ikaanza na kimya kirefu kama pumzi moja, wapakiaji wakihema kwa mbali, halafu gunia likatua. Puu! Akahifadhi palepale, juu ya ile ya zamani, kama mtu anayejua sweta ni moja na uzi ni uleule. Ya zamani ikapotea moja kwa moja.

Gwamaka alipoamka akasikiliza, akashika kichwa.

"Dada, umeichinja."

"Nimeifumua."

"Na jina langu je?"

"Lilikuwa linapiga kelele kabla watu hawajakaa."

"Lile ni jina langu, dada!"

"Najua ni lako, mdogo wangu. Ndiyo maana nililitoa la mwisho."

Gwamaka hakuwa na nguvu ya kugombana na mkubwa wake. Alikuwa na hasira na uchovu, na uchovu ulikuwa mwingi zaidi. Akaitupa ile biti kwenye kundi la simu la vijana wenzake, chini yake akaandika, "Anayetaka achukue," akajitoa kwenye kundi. Kesho yake akafuatana na baba yake shambani kuchimba viazi, huko milimani ambako simu inashika ukipanda juu ya mti. Biti ikabaki inahama simu hadi simu, yatima.

Ikafika kwa Tusekile. Nani aliileta hata yeye hakumbuki, ilikuwa imepita mikono mingi. Alikuwa ameshasikiliza biti za mchana kutwa na sikio limekufa ganzi. Akabonyeza. Kimya. Akadhani faili ni bovu, na mtu mwingine angeruka hapo hapo. Yeye hakuruka. Gunia likatua, Tusekile akavua hedifoni, akazitazama kama zimemsemesha, akazivaa tena. Aliniambia alilia kidogo, na hakuona haya kuniambia.

Jumapili ile akaipiga. Akasema hewani, "Mwenye kazi hii simjui. Ajitokeze." Wakajitokeza wengi, kama kawaida ya kitu kizuri kisicho na mwenyewe. Kila aliyekuja, Tusekile alimuuliza swali moja: "Hiyo ngoma ni ngoma gani?" Mmoja akataja ngoma za kompyuta, mwingine akasema pipa, mwingine akaapa ni ngoma ya babu yake. Tusekile akawarudisha makwao. Hakujua ni nini, ila alijua si hivyo. Jumapili iliyofuata akaipiga tena, na iliyofuata, na iliyofuata. Wasikilizaji wakaanza kunung'unika. Mwenye redio akamwita.

"Tusekile, hii si redio ya kutangaza watoto waliopotea."

"Nivumilie, bosi. Huyu kijana yupo mahali."

"Na wewe utakuwa mahali, si hapa."

Kipindi kikaondolewa, saa yake akapewa muuza dawa za mgongo. Ndivyo kilivyokufa kipindi pekee cha vijana wale, kwa ajili ya biti moja isiyo na jina.

Lakini kabla hakijafa, Tusekile alikuwa ameituma biti hiyo kwenye nyumba moja ya muziki huko Kampala, ambako kila mwaka humchukua mtu mmoja tu, wakampa chumba, chakula, vyombo vizima na walimu, mwaka mzima. Jibu likaja: "Tumesikiliza. Mleteni yule ambaye bila yeye kazi hii isingekuwepo. Nafasi ni moja, na hatupokei majina mawili." Wakataja na siku ya mwisho ya kupeleka jina.

Tusekile akazidi kutafuta. Siku moja, amekata tamaa, akapita sokoni Uyole kununua viazi vyake. Nyuma yake gunia likatua kwenye lori. Puu! Alisimama katikati ya njia, mwenye mkokoteni akamtukana. Akawaendea wapakiaji, akawawekea biti kwenye simu. Wakacheka. "Huyu ni mimi nahema!" mmoja akasema. "Mtoto wa Mwaisaka alikuwa anatunyooshea simu hapa kila asubuhi."

Gwamaka ndiyo kwanza alikuwa amerudi kutoka milimani, juu ya magunia ya viazi, kwa mara ya kwanza kama mpakiaji. Baba yake alikuwa amesema kompyuta inaondoka wiki hiyohiyo.

Wakakutana chumbani kwa Subilaga, wote watatu, na chai na viazi vya kuchemsha. Siku ya mwisho ilikuwa kesho yake. Hakuna aliyekuwa na nguvu ya kupaza sauti, na labda ndiyo maana walisemezana ukweli.

Gwamaka akasema, "Mnisamehe, dada zangu. Bila mimi hakuna kitu cha kupunguza wala cha kusikia. Nisipoenda, kesho niko chini ya gunia mpaka nizeeke."

Subilaga akasema, "Ulichotengeneza kilikuwa kelele, Gwama, na hata wewe ulikuwa hukisikii. Hiki wanachokitaka ni nilichokibakiza mimi. Wewe una miaka mbele. Mimi sikio hili likifunga, nimeshafunga. Mwaka ni huu."

Gwamaka akainama. Hakujua kama sikio la dada yake lilikuwa limefika huko. Akanong'ona, "Ndaga, dada," kwa kilugha chao, neno lao la shukrani na la pole pia.

Tusekile alikuwa wa mwisho. "Mmoja alikitupa, mmoja alikifuta jina. Kilikuwa kimeshakufa, jamani. Ni mimi niliyekikuta, nikakipigania mpaka nikafukuzwa. Nimewafungulia mlango watoto wa watu miaka yote, na hakuna hata mmoja aliyegeuka kuniuliza, dada Tuse, na wewe je? Mimi pia nina biti zangu, zimelala. Kila nikitaka kuzigusa, ya mtu mwingine inaingia kwenye simu."

Chai ikapoa. Chanda chema huvikwa pete, walisema wahenga, wala hawakutuambia tufanye nini vyanda vyema vikiwa vitatu na pete ni moja.

Gwamaka akasema basi tuisikilize tena, labda yenyewe itatuambia. Wakaiweka kwenye spika ndogo juu ya mashine ya kufumia. Kikaja kile kimya cha mwanzo, mahali lilipokuwa jina, na wote watatu wakainama mbele.

Niliwauliza, mmoja mmoja, walisikia nini hapo. Gwamaka aliniambia alisikia jina lake, kama zamani, na mwangwi wake. Subilaga aliniambia hakusikia kitu, na ndivyo alivyotaka. Tusekile aliniambia alisikia watu wakivuta pumzi, na kwamba walikuwa kama wanne au watano.

Halafu gunia likatua, na hakuna aliyeamua.

Simu ya Tusekile ikabaki mezani, kando ya maganda ya viazi, na barua imeshaandikwa yote isipokuwa jina. Wamechoka, wananitazama mimi. Mimi nimechoka, nawatazama ninyi. Kesho jina moja linapelekwa, na mwenye nalo atapanda basi la Kampala. Wawili wanabaki, mmoja chini ya magunia au na sikio linalofunga, mwingine bila kipindi, au vyovyote mtakavyowapanga.

Je, wewe ungeamua vipi? Litaje jina, na ulitaje kwa sauti. Ukishalitaja, geuka uwatazame wawili waliobaki, maana nimechoka kuwatazama peke yangu.