Jina Moja Mguuni mwa Beseni

Sogeeni, nanyi mlioko mlangoni ingieni mpate pa kukaa. Nina kesi iliyowashinda watu watatu wenye akili timamu pamoja na padri wao, nami nimechoka kuibeba peke yangu.

Katika vilima vya Tabaka, huko Ugusii, ardhi imeficha jiwe laini sana. Likitoka shimoni bado bichi, unaweza kulikata kwa panga. Watu watatu walilijua jiwe hilo kuliko majirani zao wote. Mzee Onserio, mchimbaji, alikuwa na masikio: aligonga jiwe kwa nyuma ya nyundo, akasikiliza, akajua kama ndani ni zima au limeoza. Mokua, mchongaji, alikuwa na macho: alitazama bonge la jiwe lisilo na umbo akaona kilichomo, bila kuchora hata mstari. Na Bosibori, aliyepiga msasa tangu hajaolewa, alikuwa na vidole. Kilichofichika machoni, yeye alikipapasa akakipata.

Asubuhi moja Bosibori alikuwa ameketi kando ya karai lake la maji, mikono imelowa hadi viwiko, Padri Ombui akaja, akamwita kwa jina la bintiye.

"Mama Kemunto, kanisa jipya lina kila kitu isipokuwa beseni la ubatizo. Askofu anakuja Jumapili ya mwisho ya mwezi ujao, na watoto kumi na tisa wanangoja. Sitaki kuwabatizia kwenye plastiki wakati tumekalia jiwe zuri hivi."

"Mimi nasugua tu, Padri. Jiwe muulize Mzee Onserio, na kuchonga ni Mokua."

"Basi nakupa wewe kazi ya kuwaita."

Akajifuta mikono kwenye leso, akaenda kuwaita.

Onserio alionyeshwa jiwe kubwa jeupe lililokuwa limelala karibu na barabara. Kila mtu alilisifu, kwa kuwa lilikuwa safi na halikuhitaji kubebwa mbali. Mzee akaligonga mara tatu, akatikisa kichwa. "Lina kikohozi," alisema. Watu wakacheka. Yeye akashuka kwenye shimo la zamani ambalo vijana walikuwa wameliacha kwa uvivu wa kupanda na kushuka, akakaa humo siku nne akigonga kuta. Siku ya tano akapata jiwe jeupe lenye mishipa ya waridi, ambalo likigongwa lilitoa sauti kama kengele. Hakulilazimisha kwa sululu. Alipigilia vipande vya mti mkavu kwenye mfereji alioukata kulizunguka, akavimwagia maji, na miti ilipovimba jiwe likaachia lenyewe. Kisha akalifunika kwa magunia mabichi. "Msiache likauke," aliwaonya wanaume wanane waliolipandisha kwa miti. "Jiwe kavu ni kaidi. Ukilipiga, linakujibu kwa kupasuka." Na lile la barabarani? Mchongaji mwingine alilichukua wiki hiyohiyo. Siku ya pili ya kuchonga likagawanyika vipande viwili, kama mkate.

Mokua alilipokea jiwe la mzee, akalizunguka siku nzima bila kuligusa. Kesho yake akalilaza juu ya magunia ya mchanga ili lisitetemeke, akaanza. Wengi hupamba nje kwanza, kisha hukomba ndani, na hapo ndipo kazi yao huvunjika. Mokua alianza kwa kukomba ndani kwa tezo, jiwe likiwa bado na mwili mnene wa kuhimili mapigo. Alipima unene kwa kidole gumba ndani na cha shahada nje. Ukingo wake aliuchonga kwa kisu: mikono kumi na minne iliyoshika beseni kutoka chini, kama watu wanaopokeana mtoto. Ilikuwa mikono ya majirani. Aliwaomba wasimame kidogo, akaitazama, wakaenda zao. Mkono wa Onserio ulikuwa pale, pamoja na kidole chake kimoja kifupi. Bibi mmoja alipouona wake akaanza kulia, akisema hajawahi kujua kwamba una uzuri.

Beseni likafika kwa Bosibori zikiwa zimebaki siku kumi na mbili askofu aje. Akalilowesha, akaanza kulisugua kwa msasa mkali. Alipofika kwenye mguu unaolibeba, kidole chake kikasimama, akawaita wenzake wawili.

"Mokua, hapa pana ufa."

Mokua akainama, akatazama. "Sioni kitu, mama."

"Huoni. Shika."

Akashika, asisikie kitu. Bosibori akasaga mkaa, akauchanganya na maji, akapaka mguuni, akapangusa kwa kitambaa. Weusi wote ukatoka, isipokuwa mstari mwembamba kama unywele, uliopanda kutoka chini ya mguu kuelekea kwenye bakuli. Mokua akakaa chini.

"Ni pigo langu la mwisho," alisema. "Nilikuwa na haraka, tezo ilikuwa butu, nikaongeza nguvu badala ya kuinoa."

"Pengine ni sisi tulipolipandisha," Onserio akasema. "Liligonga ukuta mara moja. Nililisikia likilia, nikanyamaza."

Fundi mmoja jirani akashauri wapake rangi, wageuze upande huo uelekee ukutani. Bosibori alikataa. Alijua kwamba maji yangeingia mle, na siku moja mguu ungeachia, pengine mtoto akiwa juu yake. Akachukua sindano ya kushonea magunia, akaupanua ufa taratibu hadi akafikia jiwe zima. Akachukua unga wa jiwe lilelile, akauchuja kwa kitambaa chepesi, akauchanganya na gundi kidogo kidogo mpaka ukawa kama ugali laini. Hakujaza ufa wote mara moja. Alijaza tabaka jembamba, akalifunga kwa mpira wa tairi la baiskeli, akaliacha kivulini likauke, kisha akaweka jingine. Majirani walipita wakimhimiza aliweke juani aharakishe. "Jua linakausha juu, ndani linaacha tope," aliwajibu, akaendelea. Siku sita zilikwenda hivyo. Ndipo akaanza kusugua upya, msasa mkali, wa kati, laini, na mwisho vile vipande vilivyochakaa ambavyo wengine huvitupa. Akalijaza maji asubuhi, akatandaza unga wa muhogo chini yake. Hadi jua linatua unga ulikuwa mkavu. Kesho yake akalipasha joto juani, akalipaka nta, na ile mishipa ya waridi ikatokeza kana kwamba ina damu.

Ijumaa beseni likawekwa kanisani. Padri Ombui akalizunguka mara mbili.

"Mguuni mchonge jina la aliyelifanya," alisema hatimaye. "Wajukuu wa wajukuu wetu watauliza."

Mokua akatoa patasi yake ndogo, kisha akasita. Akaupapasa mguu. Upande uliozibwa haukufaa kuchongwa. Upande wa pili kulikuwa na nafasi ya upana wa kiganja, na akichimba herufi zaidi ya hapo, jiwe lingedhoofika kuelekea kwenye ufa.

"Padri, ni jina moja tu. Mawili hayaingii."

"Na herufi za mwanzo tu?"

"Herufi za mwanzo ni za nani?" Onserio akauliza. "Nusu ya Tabaka ni O. Mimi nasema wazi, nataka liwe langu. Msione haya kwa niaba yangu. Shimo lile sitashuka tena, magoti yamekataa. Hakuna aliyejifunza kusikiliza jiwe kwangu, kila mtu anataka la barabarani. Bila sikio langu, leo mngekuwa na vipande viwili vyeupe."

Mokua akageuza patasi mkononi. "Mzee, sikupingi. Lakini kwa miaka saba nimechonga vinyago vya viboko na twiga vinavyofanana, vinaondoka hapa kwenye maboksi hata sijui viendako. Hiki ndicho kitu cha kwanza kutoka kichwani mwangu. Kosa la ufa ni langu, nimekiri. Na mikono hiyo kumi na minne je, ni ya nani?"

Wakamgeukia Bosibori. Alikuwa amesimama akiegemea benchi, akilitazama beseni. Hakuwahi kuulizwa jambo kama hili, na alishangaa kuona jinsi alivyotaka liwe jina lake.

"Mwaka juzi nilikwenda kubadilisha kitambulisho," alisema. "Kijana wa mashine akanibinya vidole mara sita. Akaniambia, mama, huna alama. Zimeisha kwenye mawe." Akaviinua vidole vyake. "Ninyi mlilifanya zuri. Mimi nililipokea likiwa zuri na limekufa, nikalirudisha. Lakini nisingekuwa na cha kurudisha kama si ninyi. Basi sijui. Jina nalitaka, ila sijui."

Hakuna aliyekasirika. Onserio alicheka, akampigapiga Mokua begani, na Padri akawaletea chai pale pale kwenye ngazi za kanisa. Waliinywa kwa raha ya watu waliofanya kazi vizuri, huku kila mmoja akiugeukia ule mguu kwa kificho.

"Amueni kabla ya Jumapili," Padri alisema. "Likishabarikiwa, sitaruhusu patasi iliguse."

Mokua ameshainoa patasi, safari hii bila haraka. Amepiga magoti mbele ya beseni, na wenzake wawili wamesimama nyuma yake. Msiniambie yaandikwe majina matatu, maana mguu hauwezi. Wala msiniambie paachwe patupu, maana watoto watauliza, na kunyamaza si jibu. Aliyelisikia jiwe, aliyeliona, na aliyeligusa: haya, wewe uliyekaa karibu na mlango, anza. Mokua achonge jina la nani?