Neno Alilolitamka Jairo Sokoni

Kidole kikijikwaa, maumivu huwa ya mwenye kidole peke yake. Ulimi ukijikwaa, huumia hata yule aliyekaa kimya. Jairo wa Bulyaga alikuwa akiyasikia hayo tangu utotoni. Mwaka 1993 aliyaona kwa macho yake.

Miaka hiyo biashara ilikuwa imefunguliwa, na mitumba ilifurika sokoni Tukuyu hadi pakakosekana pa kukanyaga. Watu waligombania nafasi kama kuku wagombaniavyo punje. Ndipo ikatungwa sheria ndogo: atakayetukana, kupigana au kuzua fujo hadharani atafikishwa mbele ya baraza la kata. Amoni, mgambo wa soko, aliisoma kila siku ya gulio. Jairo aliisikiliza huku akikunjua mashati yake ya kuuza, akiamini kuwa ni sheria ya walevi, si ya mtu nadhifu kama yeye.

Asubuhi moja ya mvua, akiwa amejitwika mzigo wa mashati, alijikwaa kwenye tenga la maparachichi la Esnath, mjane wa makamo kutoka Masukulu. Ukucha ukang'oka. Mashati meupe yakatapakaa matopeni. Wateja wakacheka.

"Pole, baba," Esnath alisema, akiinama kumsaidia. "Ndiyo kwanza nilikuwa nalisogeza."

Laiti angeipokea pole ile. Lakini kicheko cha watu kilimchoma kuliko kidole.

"Usiniguse," alisema kwa sauti iliyofika mbali. "Umemla mumeo, sasa unanitafuta mimi?"

Wateja wakamgeukia Esnath. Mume wa Esnath alikuwa amekufa kwa homa mwaka uliopita, na hakuna aliyewahi kumshuku mjane huyo kwa uchawi. Sasa mwanamume mmoja akauliza, "Kumbe?" Mwingine akakumbuka mtoto aliyeugua baada ya kula parachichi lake. Neno likasambaa kama maji ya mfereji uliozibuka. Kufumba na kufumbua Esnath alikuwa amezingirwa, tenga limepinduliwa, na mkono mmoja umeinua jiwe.

Jairo akawashika watu mabega. "Jamani, nimesema uongo." Hakuna aliyegeuka. Akapaza sauti mpaka ikamkauka.

"Ameshamroga huyu," mwanamke mmoja akasema. "Anamtetea kwa woga."

Akajipenyeza akichechemea, akasimama mbele ya mjane yule. Jiwe la kwanza likampata begani. La pili likampita, likampasua Esnath juu ya jicho.

Filimbi ya Amoni ndiyo iliyowanusuru. Yeye na wenzake waliutawanya umati kwa virungu, wakamwahisha Esnath hospitali. Jairo wakamkamata.

"Ulitamka au hukutamka?" aliuliza Mzee Anyelwisye, mwenyekiti wa baraza.

"Nilitamka, mzee. Ulikuwa uongo."

"Na sheria uliisikia?"

"Kila gulio."

Aliamriwa kufagia soko kwa miezi miwili. Alifagia bila kunung'unika. Kabla ya miezi hiyo kwisha, kidole kilikuwa kimepona na ukucha mpya umeanza kuota.

Alipomaliza adhabu alikwenda Masukulu. Alimkuta Esnath akipalilia migomba, kovu limemkaa juu ya jicho. Jairo akapiga magoti kwenye udongo mbichi.

"Inuka, baba. Nilikusamehe siku ile ile, nilipokuona umesimama mbele yangu."

"Basi rudi sokoni, mama. Nitawaambia watu mimi mwenyewe."

"Si uliwaambia? Walikusikia?" Akaelekeza jembe kwenye nyumba ya jirani, ambako mama mmoja alikuwa akiwaita wanawe waingie ndani. "Wale walikuwa wakishinda hapa kwangu. Siku hizi nikitoka tu, wanafichwa. Wao utawaambia nini?"

Jairo akainuka. Alichukua jembe jingine, akapalilia naye hadi jioni. Gulio lililofuata alipanda juu ya meza yake, akaungama mbele ya watu wote. Walimsikiliza, wakatikisa vichwa, wakaendelea kuchagua mashati. Nafasi ya Esnath ilibaki tupu msimu ule na uliofuata, na wanawake waliokuja na matenga yao waliikwepa. Hakika, heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi.