Kitwana Ngiri na Mizizi ya Mama

Hadithi, hadithi!
Hadithi njoo!
Nije nimeshiba au nije na njaa?
Njoo tule pamoja!

Hapo mmenipa moyo. Basi, hapo zamani za kale, Mama Ngiri aliishi nyikani na watoto wake watatu. Ngiri wale walikuwa na desturi yao: wakila, wote hupiga magoti pamoja. Mama Ngiri aliionea fahari desturi hiyo, wacha tu!

Lakini kitindamimba wake, Kitwana, aliikataa mizizi. "Sitaki!" Na kiangazi kilikuwa kinakuja. Majani yakikauka, ngiri asiyekula mizizi hufa. Mama akakosa raha.

Akaja Nungunungu. "Mlazimishe, shoga! Mbane pua, umsukumie mdomoni."

Akamlazimisha. Kitwana akatapika, na tangu hapo akiona mzizi anakimbia.

Akaja Tumbili. "Mhonge, dada. Kila mzizi, tini moja."

Akamhonga. Kesho yake Kitwana akataka tini mbili. Kesho kutwa yake akala tini, mzizi akautema.

Akaja Fisi, udenda unamtoka. "Mfukuze, dada! Asiyekula akae nje peke yake."

Mama wa watu alikuwa amechoka, akakubali. Wenzake wakaingia shimoni kula, Kitwana akabaki nje analia. Mara Fisi huyo, katoka kichakani!

"Mama! Nakufa!"

Sasa sikilizeni. Ngiri huingia shimoni kinyumenyume, meno yake marefu yakitazama nje. Fisi alilisahau hilo, mroho yule! Mama Ngiri alichomoka meno mbele. Fisi akageuka kukimbia, akachomwa matakoni, na mpaka leo anatembea kiuno chini.

"Nisamehe, mwanangu," Mama akasema. "Kazi yangu ni kuleta chakula na kukuita. Kula au kutokula, tumbo ni lako. Lakini mahali pako ni hapa, kati yetu."

"Hata nisipokula?"

"Hata usipokula."

Kitwana akapiga magoti nao. Hakuna aliyemkodolea macho. Wakala, wakamcheka Fisi. Siku ya kwanza Kitwana alinusa tu. Ya pili akalamba, akatema, wala hakugombezwa. Ya tatu akatafuna, akameza! Mama akajifanya hajaona, kumbe moyoni anacheza ngoma.

Kiangazi kikaja, tena kikali. Siku moja Kitwana akaja anaburuta mzizi mkubwa kuliko kichwa chake, vumbi mpaka masikioni. Kauchimba mwenyewe! Akawa wa kwanza kupiga magoti, akaita, "Mama! Kaka! Dada! Karibuni, chakula tayari!"

Mama Ngiri akausimamisha mkia wake juu kwa fahari, nyika nzima ikauona.

Wazazi, funzo ndilo hilo. Andaeni chakula, mwiteni mtoto, mle naye kwa furaha. Msimlazimishe, msimhonge, msimfukuze. Atakula, na iko siku atawakaribisha nyinyi.

Hadithi yangu imeshiba, nakunja mkeka. Ikiwa tamu, tumekula sote. Ikiwa chungu, niachieni sufuria nikwangue mwenyewe.