Kete Yenye Joto

Sogeeni, mshikane mikono, ngano imeshafika mlangoni.

Palikuwa na bingwa wa bao, Vuai, mwenye kujigamba: "Bao ni akili, bahati ni ya wajinga!"

Zimwi likasikia, likaja na bao lake jeusi. "Tucheze mara tatu, bwana. Ukishindwa hata mara moja, wewe ni wangu."

Vuai akacheka, akakaa. Zimwi likaficha kete katika ngumi. Akiotea mkono wenye kete, yeye ndiye aanze. Akaotea, akaanza, akashinda. Akaotea tena, akaanza, akashinda. Mara ya tatu akagusa mkono wa kulia: mtupu. Zimwi likaanza, likamla kete zote.

"Lakini nakushinda akili!" Vuai akalia.

"Sana," likajibu zimwi. "Umekosa mkono tu." Likamfinya mpaka akawa kete.

Bao lile lipo bado. Kete moja ina joto, na ukiificha kiganjani utaisikia ikilia: "Kushoto! Kushoto!"